Alama Ngumu Kuchapa Si Alama Mbaya

Andika 2 × 3 kwenye karatasi, na kila aliyewahi kuketi darasani ataelewa. Iandike hivyo hivyo katika Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na Python itagoma hata kabla ya kuanza kazi: itakuambia kuwa × si herufi halali. Inataka nyota, *. Nyota hiyo tumeizoea hadi hatuoni tena ugeni wake. Mtu akipendekeza leo kwamba lugha ya programu ikubali ×, au ≤ (ndogo au sawa), au ∈ (imo ndani ya), jibu hutangulia hoja: "Nani ataichapa hiyo? Haipo kwenye kibodi."

Jibu hilo nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu, na bado naona halijakaa sawa. Siupuuzi ugumu wa kuchapa. Naandika programu kila siku, na vidole vyangu vinajua gharama ya kila kitufe. Ila ugumu huo haumo ndani ya alama. Umo kati ya alama na kifaa kilicho mbele ya mwandishi, na vifaa hubadilika. Alama nazihukumu kwa maswali mengine: inasomeka? Inatamkika? Inatafutika? Inatofautika na jirani yake? Opereta nyingi za ajabu (opereta ni alama ya tendo, kama + au ×) huanguka kwenye maswali haya, na hapo sizitetei. Lakini swali la kibodi ni dhaifu kuliko yote, na ajabu ni kwamba ndilo linaloamua mambo.

Tuanze na nyota yenyewe. Alama × ilienea kupitia kitabu cha hisabati cha William Oughtred cha mwaka 1631. Mwaka 1698 Leibniz alimwandikia Johann Bernoulli kwamba haipendi, kwa kuwa inachanganyika kirahisi na herufi x, na yeye akapendelea nukta. Huo ulikuwa mjadala wa maana, wa macho na maana. Fortran, mojawapo ya lugha za kwanza za programu, ilipotoka mwaka 1957 haikuushughulikia. Mashine za kutobolea kadi za programu zilikuwa na nyota na hazikuwa na ×, basi kuzidisha kukawa nyota. Hazikuwa hata na < wala >, ndiyo maana Fortran ya miaka ya 1960 iliandika .LT. na .GT. kulinganisha namba, na maandishi hayo yanakubalika katika Fortran hadi leo. Fikiria hilo kidogo: palikuwa na wakati ambapo < ilikuwa alama isiyochapika. Mtu wa enzi hizo angeweza kusimama na kusema kwa uaminifu wote kuwa lugha inayodai < ni lugha ya wapenda mapambo.

Waliotunga ALGOL 60, lugha ya programu ya mwaka 1960, waliliona tatizo hili mapema na wakalitatua kwa namna ninayoiona ya busara kuliko nyingi zilizofuata. Waliitenga lugha katika ngazi tatu: lugha ya rejea, lugha ya uchapishaji, na uwakilishi wa mashine. Katika lugha ya rejea waliandika ×, ÷, ↑, ≤, ≥, ≠, ∧, ∨ na ¬ bila woga. Kila mashine iliachwa ichague yenyewe jinsi ya kuingiza alama hizo kwa vitufe ilivyonavyo. Yaani maana na umbo la alama ni jambo moja, na njia ya kuiingiza ni jambo jingine. Gharama yake ilikuwa kubwa, kwa sababu programu ya mashine moja ilihitaji kutafsiriwa ili isomeke kwenye nyingine, na wazo zima likafifia pamoja na lugha yenyewe. Leo mashine zote zinaelewa Unicode, orodha moja ya herufi na alama za maandishi ya dunia, na gharama hiyo haipo tena, lakini wazo hatujalirudia vya kutosha.

Halafu ikaja ASCII, orodha ya Kimarekani ya herufi ambazo kompyuta huzitambua. Toleo lake la kwanza, la mwaka 1963, lilikuwa na mshale wa kupanda ↑ na mshale wa kwenda kushoto ←. Katika toleo la 1967 nafasi hizo mbili zilichukuliwa na ^ na _. Smalltalk, lugha ya programu ya miaka ya 1970, bado iliitumia ← kuweka thamani katika kigeu na ↑ kurudisha jibu, na mazingira ya Smalltalk yaliyokuja baadaye yalilazimika kuichora _ kwa umbo la mshale ili msimbo, yaani maandishi ya programu, uendelee kusomeka ulivyokusudiwa. Mkwaju wa nyuma nao, \, uliingia ASCII kwa juhudi za Bob Bemer, na sababu mojawapo ilikuwa ALGOL: ukiuunganisha na mkwaju wa kawaida unapata /\ na \/, yaani ∧ ("na") na ∨ ("au") za kuungaunga. Alama ambayo sasa tunaiona ya kawaida kabisa iliingizwa ili iwe vipande vya alama nyingine zilizokosa nafasi.

Na hata hiyo ASCII tunayoiita ya kila mtu haikuwa ya kila mtu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 646 kiliruhusu nchi zibadilishe baadhi ya nafasi ili zipate herufi zao. Wadenmark waliweka Æ mahali pa [, Ø mahali pa \, Å mahali pa ], kisha æ na å mahali pa mabano ya mikunjo. Mwanaprogramu wa C, lugha iliyojaa mabano hayo, aliyetumia terminali (kifaa cha kuwasiliana na kompyuta) ya Kidenmark aliona hivi:

main() æ aÆiÅ = 'Øn'; å

Wajerumani waliona ä na ü, Wajapani waliona ¥ kila palipopaswa kuwa na \. Kwa ajili ya watu hao kiwango cha C cha mwaka 1989 kiliruhusu kuandika ??< badala ya { na ??= badala ya #. Maandishi hayo yaliondolewa rasmi katika C++17 na, kwa upande wa C, katika C23. Leo kwenye kibodi ya Kijerumani { bado inahitaji kitufe cha AltGr pamoja na 7, na kwenye ya Kifaransa inahitaji AltGr na 4. Mamilioni ya watu huchapa herufi "rahisi" za C kwa kukunja vidole, na hakuna anayesema mabano hayo yaondolewe kwenye lugha. Walijifunza, au walibadilisha kibodi. Basi tunaposema alama fulani ni ngumu kuchapa, mara nyingi tunamaanisha ni ngumu kwenye kibodi ya Kimarekani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni APL, lugha ya programu inayoandikwa kwa alama zake yenyewe, na hapa naomba nikae kidogo.

Kenneth Iverson alianza kubuni alama zake akiwa Harvard, kwa ajili ya ubao na karatasi, ili aweze kueleza taratibu za kukokotoa kwa wanafunzi. Kitabu chake cha mwaka 1962 ndicho kilichoipa lugha jina. Mfumo wenyewe ulianza kutumika kwenye mashine za IBM System/360 mwaka 1966, na terminali zake zilikuwa za jamii ya taipureta za Selectric, ambazo huchapa kwa tufe dogo lenye herufi zilizochongwa juu yake. Unachomoa tufe la kawaida, unachomeka la APL, na sasa Shift pamoja na I inakupa ⍳, na R inakupa ⍴, na E inakupa ∊. Alama ambazo hazikupata nafasi zilitengenezwa kwa kuchapa mbili juu ya nafasi moja: duara, kurudi nyuma, mstari wima, na umepata ⌽.

Kwa hiyo APL haikuwa ngumu kuchapa kwa watu iliyotengenezewa. Vitufe vilikuwapo. Ugumu ulizaliwa baadaye, pale terminali za ASCII zilipotapakaa na matufe yakabaki makabatini. Lugha haikubadilika hata herufi moja, kilichobadilika ni meza iliyowekwa mbele ya mwandishi.

Na alama zenyewe zilifikiriwa vizuri ajabu. Tazama tatu hizi: ⌽, ⊖, ⍉. Ya kwanza hugeuza safu kushoto-kulia, ya pili hugeuza juu-chini, ya tatu hubadilisha mistari kuwa nguzo. Mstari uliomo ndani ya duara ni mhimili wa kugeuzia. Ukishaelezwa mara moja hulazimiki kukariri. Iverson ndiye pia aliyebuni ⌊ na ⌈ za kushusha na kupandisha namba hadi namba nzima iliyo karibu, na wanahisabati walizichukua, sasa zimo katika vitabu ambavyo wasomaji wake hawajawahi kuisikia APL. Alitenganisha hata alama ya kutoa na alama ya hasi. Katika APL hesabu husomwa kutoka kulia, kwa hiyo -5+3 ni ¯8, ilhali ¯5+3 ni ¯2. Kistari cha juu ni sehemu ya namba, kistari cha kati ni tendo. Kwenye lugha nyingine nyingi ninazotumia mambo haya mawili yamebanwa ndani ya herufi moja, na kila mmoja wetu amejifunza sheria ndogondogo za kuishi nalo.

Mwaka 1979 Iverson alipewa Tuzo ya Turing, na mhadhara wake ulihusu jinsi uandishi wa alama unavyokuwa chombo cha kufikiri. Kisha mwaka 1990 yeye na Roger Hui wakatoa J, lugha ya jamii ileile iliyoandikwa kwa ASCII peke yake. Hapo tuna jaribio adimu: mtu yuleyule, mawazo yaleyale, mara kwa alama zake na mara kwa alama za kibodi. Wastani wa orodha katika APL ya sasa ni (+⌿÷≢): jumla, gawanya kwa, idadi. Katika J ni (+/ % #). Mpaka hapo zinakaribiana. Lakini J ilipohitaji opereta nyingi kuliko ASCII ilizonazo, ilianza kuongeza nukta na nukta pacha. Kwa hiyo < ni jambo moja, <. ni kushusha namba, na <: ni "ndogo au sawa". Alama tatu zinazotofautiana kwa doa la wino, na mahali pake APL ina <, ⌊ na ≤. J ni rahisi kuchapa, hilo halina ubishi. Kuisoma, kwangu mimi, ni kazi zaidi. Nikiiacha kwa muda na kuirudia, nukta zote huwa zimenipotea, ilhali ⌽ bado naikumbuka kwa umbo lake.

Hapo ndipo ninapoona gharama halisi ya kung'ang'ania ASCII. Herufi zake zinazochapika ni 95, na ukiondoa herufi za maneno, tarakimu na nafasi unabaki na 32. Nyingi kati ya hizo zimeshabebeshwa mizigo. Katika C++ << husogeza biti na pia hutuma maandishi kwenye skrini. Katika C ^ haipandishi kipeo hata kidogo, hufanya XOR, tendo la kulinganisha biti, na wanaoanza hunaswa hapo kizazi baada ya kizazi. Python ilipotaka opereta ya kuzidisha matriksi (majedwali ya namba), pendekezo rasmi liitwalo PEP 465 lilichagua @, na katika hoja zake ni kwamba inapatikana kwenye kibodi nyingi, kwa sababu ya anwani za barua pepe. Ikaingia Python 3.5 mwaka 2015. Nakubali uamuzi huo ulisaidia: misimbo ya aljebra ya mistari ikawa mifupi na inayosomeka. Ila @ haina uhusiano wowote na matriksi, na ilichaguliwa zaidi kwa kuwa ilichapika kirahisi na ilikuwa bado haijawa opereta.

Sasa, swali la kuchapa limeshapatiwa majibu mazuri, na si mapya sana. Julia, lugha ya programu iliyotangazwa mwaka 2012, inakuruhusu uandike \in kisha ubonyeze Tab, nawe unapata ∈. Andika \sqrt, Tab, unapata √. Kwenye lugha za Agda na Lean ni hivyohivyo, mkwaju wa nyuma na jina fupi. Kihariri cha Lean kinaongeza jambo ambalo ningependa kila lugha iige: weka kishale juu ya alama usiyoijua, nacho kinakuonyesha jinsi ya kuichapa. Tatizo la mgeni anayeiona → kwenye faili la mtu mwingine na hajui aanzie wapi linaisha palepale. Uiua, lugha iliyotoka mwaka 2023, imeenda mbali zaidi: unaandika neno reverse, na kiumbizaji (programu inayopanga mwonekano wa msimbo) kinaligeuza kuwa ⇌ unapohifadhi faili. Lugha ya Raku nayo huweka njia mbili kwa kila opereta ya Unicode, ∪ au (|), ∈ au (elem), na wenyewe waliwahi kuyaita maandishi marefu ya ASCII "Texas", kwa sababu inasemwa huko kila kitu ni kikubwa.

Katika mifano yote hii, alama ina jina linaloandikika kwa herufi za kawaida. Hilo ndilo sharti ninalolishikilia. Lugha ikinipa alama, inipe na jina, na jina hilo lifanye kazi kila mahali: kwenye kibodi, kwenye utafutaji, kwenye mazungumzo na mwenzangu anayesikiliza tu. Julia ilifanya hivyo hasa mwaka 2017, katika toleo la 0.6, ilipoacha kutumia $ kwa XOR. Ilileta ⊻, na sambamba nayo fanksheni (tendo linaloitwa kwa jina) iitwayo xor. Asiyetaka kuichapa ⊻ halazimiki kuigusa maisha yake yote.

Jina ni muhimu kuliko watetezi wenzangu wa alama wanavyokiri. Injini nyingi za utafutaji hupuuza alama, kwa hiyo anayekutana na ⍋ kwa mara ya kwanza hana neno la kuuliza. Asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma skrini kwa sauti, yuko katika hali ngumu zaidi. Programu hiyo inaweza kuiruka alama kabisa, au kutaja jina lake la Unicode, na jina rasmi la ⍋ linaeleza umbo tu, delta yenye mstari wima. Halimwambii msikilizaji kwamba v[⍋v] ni orodha iliyopangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Lugha inayojali ingekipa kihariri jina la kazi ya alama, na programu ya sauti ingelitaja hilo.

Kuna na suala la kufanana, na hapa wapinzani wana hoja nzito. Unicode ina kistari cha kawaida, ina alama rasmi ya kutoa −, ina vistari virefu vya uchapaji, na kwenye fonti nyingi jicho haliwezi kuvitenganisha. Ina herufi ya Kigiriki Σ na alama ya kujumlisha ∑. Ina µ ya maikro na μ ya Kigiriki, ambazo kwa macho ni pacha na kwa kompyuta ni namba mbili tofauti. Alama ya kuuliza ya Kigiriki ina umbo lilelile la nukta mkato. Lugha inayofungua mlango wa Unicode bila kushughulikia haya inawatendea watu wake vibaya. Julia hapa pia imefanya kazi yake: µ na μ huzihesabu kuwa kitu kimoja, · na ⋅ hali kadhalika, na − huichukulia sawa na kistari cha kawaida. Kwa kawaida wapinzani hutaja pia utafiti wa Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Cambridge wa mwaka 2021, ulioonyesha jinsi msimbo unavyoweza kufichwa maana yake. Utafiti huo ni wa kutisha kweli, lakini kiini chake ni herufi zisizoonekana za kugeuza mwelekeo wa maandishi, ambazo hujificha vizuri hata ndani ya maoni ya msimbo. Ukizipiga marufuku opereta kama ≤, shimo hilo linabaki wazi vilevile.

Kosa la muundo ambalo lingepaswa kufundishwa kwa kila anayebuni lugha ni lile la lugha ya Scala. Iliruhusu → badala ya ->, kama mapambo tu. Lakini katika Scala kipaumbele cha opereta, yaani ipi itangulie kukokotolewa, hufuata herufi yake ya kwanza. Kwa kuwa -> huanza na kistari, iko ngazi moja na kujumlisha, na a -> b * c husomwa a -> (b * c). Mshale → ukahesabika miongoni mwa alama nyingine maalumu, zenye kipaumbele cha juu kuliko zote, na a → b * c ikasomwa (a → b) * c. Maandishi mawili yaliyodaiwa kuwa sawa yakawa na maana mbili. Toleo la 2.13, mwaka 2019, liliwashauri watu waache mishale ya Unicode. Wapo wanaolitaja tukio hilo kama ushahidi dhidi ya alama. Kwangu ni ushahidi kwamba umbo la ASCII na umbo la Unicode yanapaswa kuwa tokeni moja (kipande kimoja cha msimbo) mbele ya kompaila (programu inayotafsiri msimbo kwa mashine), kuanzia hatua ya kwanza ya kusoma faili.

Ndiyo maana pia ninaipendelea Julia kuliko lugha ya Swift katika jambo la opereta za kubuni. Swift humwachia mwandishi wa maktaba (msimbo wa kutumiwa na wengine) atangaze opereta yake na kipaumbele anachotaka. Katika Julia ⊕ tayari imewekwa ngazi ya kujumlisha na ⊗ ngazi ya kuzidisha. Wewe unaipa maana tu. Msomaji anayefungua faili lako kwa mara ya kwanza anaweza kuweka mabano kichwani kabla hata hajajua ⊕ yako inafanya nini.

Nikiandika msimbo unaofuata fomula ya makala ya kisayansi, natumia ≤, ∈, √ na herufi za Kigiriki, kwa sababu anayeukagua atakuwa na makala mkono mmoja na msimbo mkono wa pili, na kila tofauti ya maandishi ni nafasi ya kosa kupenya. Nikiandika maktaba ya watu wengine sibuni opereta mpya isiyo na fanksheni yenye jina. Na fonti zile zinazounganisha herufi, kama Fira Code, ambazo huonyesha != kwa umbo la ≠ huku faili likibaki na herufi mbili, sizitumii. Nataka ninachokiona kiwe kilichomo ndani ya faili. Ila umaarufu wake unaniambia jambo: watu wengi wanaosema hawahitaji ≤ wameisakinisha fonti ili waione.

Kilichobaki ni swali la nini kihifadhiwe kwenye faili pale lugha inaporuhusu njia mbili. Ukiacha kila mtu achague, mradi mmoja utakuwa na <= na ≤ zimechanganyika, na kila badiliko litabeba ugomvi wa mtindo. Lugha inayoanzishwa leo ningeitaka ikubali ≤, ≥, ≠ na × tangu toleo la kwanza, ikubali pia <=, >=, != na *, kisha kiumbizaji chake rasmi kiandike umbo moja tu kwenye faili bila kumuuliza mtu. Na umbo hilo liwe la alama. Anayechapa <= ataendelea kuchapa <=, vidole vyake havitajua tofauti yoyote. Anayesoma atasoma ≤.